Kaka Kulwa, Doto Amehamia Makumbusho

Mpendwa kaka Kulwa,

Barua zote tulizofundishwa kuandika shuleni zilianza kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Tuliandika hivyo hata kwa mtu anayekaa nyumba ya pili. Leo ndiyo mara ya kwanza kuyaandika maneno yale nikiwa na maana nayo. Mimi mzima. Wewe sijui. Sijui unalala wapi, sijui unakula nini, sijui kama bado una meno yote. Ndiyo maana nakuandikia gazetini, mahali ambapo kila mtu atasoma mambo yetu ya ndani. Anwani yako sina, na nimeambiwa kuwa huko machimboni maandazi hufungiwa kwenye gazeti. Huenda siku moja ukanunua andazi ukanikuta.

Habari yenyewe niiseme mapema, usije ukafika nyumbani ukashtuka. Doto ameondoka. Watu wa makumbusho walimchukua juma lililopita, juu ya lori, amefungwa kamba na kufunikwa turubai. Banda liko tupu. Limebaki doa la oili chini, na kuku wameshaanza kulizoea.

Wasomaji watadhani naongea habari za mtu, kwa hiyo nivumilie nikikusimulia unayoyajua. Siku yenyewe huikumbuki, maana ndiyo uliyozaliwa. Baba alikuwa dereva wa Mzee Kanji, mnunuzi wa pamba mwenye duka pale Shinyanga mjini. Mzee Kanji alikuwa na boksibodi, gari la kizamani hata kwa wakati ule. Mbele lilikuwa na boneti ya bati, nyuma bodi la mbao za mninga lililoundwa na fundi Singasinga pale pale mjini. Macho ya mzee yalipochoka na watoto wake wakataka gari jipya, alimwachia baba lile kuukuu, naye baba akamlipa kwa ng'ombe. Bibi hakuacha kumtania mpaka anakufa. Alisema mwanawe ameoa gari.

Asubuhi baba anamleta Doto kijijini kwetu Didia, mama alikuwa ndani na mkunga. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, aliketi nje akisikiliza. Ukalia wewe. Bibi akapiga kigelegele. Hajamaliza, baba akatokea nyuma ya nyumba akaiminya ile honi ya mpira, na honi ile, kama unavyoijua, hulia kama mtoto mchanga aliyebanwa na tumbo. Bibi akapiga kigelegele cha pili. "Mabasa!" akaita. "Jamani, mapacha!"

Majirani walikuja wakikimbia na nyimbo za mabasa, zile zenye matusi ya kuchekesha ambayo mwalimu kama mimi haandiki gazetini. Mkunga anatoka kusema kuwa mtoto ni mmoja tu, pombe ilikuwa imeshamwagwa chini na dawa imeshanyunyizwa mlangoni. Wazee wakakaa. Wakaona kuwa mambo ya mapacha yakishaanzwa hayarudishwi nyuma, kwani kuyarudisha ni kumtakia mtoto mabaya. Basi wewe ukawa Kulwa, aliyetangulia, na gari likawa Doto. Mimi nilipozaliwa baadaye hakukuwa na mjadala. Anayezaliwa nyuma ya mapacha ni Shija, nikaitwa Shija. Maisha yangu yote watu wa kwetu wakisikia jina langu huniuliza, "Mapacha wako wako wapi?" Nami nimekuwa nikijibu kuwa mmoja ni kaka yangu na mwingine yuko bandani.

Unakumbuka jinsi tulivyokuwa tukiongea? Nyumbani kwetu hakuna aliyesema gari limeharibika. Doto anaumwa. Doto ameamka. Doto hajanywa maji. Leo mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nawapigia watoto mkasi wa wino mwekundu wakiandika "gari amefika", na kila nikiupiga najisikia mnafiki. Nikirudi nyumbani nilikuwa namwambia mama, "Doto amenyeshewa." Mama hakuona kosa lolote.

Na ile siku ya sensa! Karani alikuja na kofia yake, akaketi kwenye kigoda, akamwuliza mama watoto wa nyumba hii ni nani na nani. Mama akajibu bila kupepesa: Kulwa, Doto na Shija. Karani akaandika. Akauliza, Doto anasoma? Mama akasema hapana, anafanya kazi. Akauliza kazi gani. Mama akasema anabeba pamba na wagonjwa. Karani akatikisa kichwa kwa huruma, akasema mtoto huyo mnamuonea, mpelekeni shule. Wewe na mimi tulikuwa nyuma ya mlango tumeziba midomo kwa mikono. Mpaka leo, kaka, naamini serikali inamdai Doto shule.

Kila kilichokupata wewe kilimpata naye. Uliposhonewa kaptula ya shule, baba alinunua kitambaa cha viti. Uliponyolewa, Doto alioshwa. Ulipougua surua, baba hakumwasha mpaka ulipopona, hata wafanyabiashara wa mnadani walipokuja kumsihi. Jumamosi mama alikupaka mafuta, baba naye akampaka Doto oili chafu kwenye mbao zote ili mchwa wasimsogelee. Mimi sikuwa na pacha, kwa hiyo nilipakwa nikisimama peke yangu. Nilikuonea wivu, siku hizi naweza kusema. Ulikuwa na mtu wako hata ulipokuwa umenuna.

Safari ya Chato nadhani ndiyo safari yetu moja ya kwenda kutembea tu, bila mgonjwa wala bibi harusi nyuma. Baba alitaka tulione ziwa. Tulipopita Geita, kwenye kile kilima, Doto akachemka, mvuke ukatoka kama chungu. Ukakimbilia dumu la maji. Baba akakushika shati. "Mwenye homa humwagii maji baridi," akasema. "Mwache apoe." Tukakaa pembeni ya barabara tukitafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na wewe ukawa unamwekea Doto kiganja kwenye boneti, unakitoa, unakirudisha, kama mama anavyompima mtoto homa kwenye kipaji cha uso. Chato tulifika jua limeshaanza kulegea. Uliliangalia ziwa kwa muda mrefu, kisha ukasema, "Maji yote haya, na sisi Didia tunafukua visima." Mama alicheka akakuita mzee.

Hendeli ulipewa ulipoanza kuota ndevu. Doto hakuwahi kuamka kwa ufunguo kama magari ya watu. Ilibidi umwingize kile chuma kilichopinda kwenye tundu la mbele, chini ya radieta, umzungushe kwa nguvu mpaka akohoe. Baba alikufundisha mwenyewe. "Kidole gumba kikae upande mmoja na wenzake," alikwambia. "Usikizungushie. Akirudisha, atakuvunja." Ukasikia kwa sikio moja. Doto akairudisha hendeli kinyume, kidole gumba cha mkono wa kulia kikavunjika, na fundi wa mifupa akakifunga vibaya kikabaki kimepinda kwa nje. Ulilia, halafu kabla machozi hayajakauka ukampiga Doto teke la tairi, halafu ukamwomba radhi. Nilikuona. Tangu siku ile hakuna mwingine aliyeweza kumwamsha kama wewe, hata baba. Alikuwa akikuita kutoka shambani, "Kulwa, njoo, mwenzako hataki kuamka!"

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Vijana wote wa rika lako walikuwa wameanza kwenda Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu. Walirudi na redio, na viatu, na maneno ambayo hatukuyajua. Ukaenda, ukarudi baada ya kiangazi kimoja, umekonda na macho yako yana moto. Ulisema mmepata duara lenu, shimo zuri, mwamba unaonekana, ila maji yamejaa chini na hamna mashine ya kuyavuta. Ulikaa na baba hapo bandani. Mimi nilikuwa napepeta mahindi karibu na mlango, nilisikia yote.

"Baba, injini hii imekaa bure. Pamba hainunuliki siku hizi. Nipe niifunge kwenye pampu. Tukitoa maji tu, nitakununulia gari jipya."

Baba akasema taratibu, "Unataka kumtoa mwenzako moyo?"

Ukasema, "Baba, lile ni gari."

Ulisema "lile". Neno fupi hivyo. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekuwa amelisema kabla yako, hata mimi ninayejua sarufi. Baba aliinuka akatoka nje, mama akaacha kukoroga uji. Nadhani hata wewe ulijisikia, maana ulibaki umesimama mkono juu ya boneti kama siku ile ya kilima cha Geita. Kesho yake ulikuwa umeondoka. Hukuaga. Hendeli uliiacha imeegeshwa ukutani mahali pake, nikajua umekwenda mbali.

Mwanzoni tulipata habari zako kwa vipande. Mtu mmoja alikuona Rwamgasa. Mwingine alikuona Chato ukishusha mizigo ya mabasi. Kisha habari zikakatika. Baba alipoanza kuumwa tulituma salamu kwa kila aliyepanda basi la Geita. Hakuna aliyekufikia, au zilikufikia ukaogopa. Baba alifia nyumbani, Kulwa. Siku zake za mwisho alitaka kukalishwa kwenye kiti cha dereva, akae tu, mlango wazi, aone watu wakipita. Tulimzika bila wewe. Jeneza alilibeba Doto, ila kwa kuvutwa na ng'ombe, kwa sababu hapakuwa na wa kumwamsha. Watu wengine walicheka kidogo, wengine walilia zaidi kwa kuona vile. Mimi nilikuwa na hasira nawe. Nilikaa nayo muda mrefu, kisha ikaisha yenyewe, ikabaki hamu tu ya kukuona.

Mama aliendelea kukupakulia. Sahani yako ilikaa mezani mpaka ugali ukakauka, ndipo akawapa kuku. Alipozidiwa aliniita karibu. "Shija," akasema, "usimtoe Doto peke yake. Walitolewa nje siku moja, hao." Nikamwambia sawa, mayu. Ungekuwepo nawe ungesema sawa. Naye tulimzika bila wewe, kando ya baba.

Halafu zikaja mvua za mwaka juzi, zile walizoziita elinino. Sijui zilikukuta wapi. Kila redio iliposema maji yameingia mashimoni, mahali popote pale, nilikaa chini nikaacha nilichokuwa nakifanya. Ukuta wa banda ulianguka upande wa magharibi. Doto alinyeshewa kwa majuma mengi, na oili chafu niliyokuwa nampaka kila Jumamosi ikaoshwa yote. Maji yalipoisha, mchwa wakaja. Niliamka nikakuta njia yao ya udongo imepanda tairi la nyuma mpaka kwenye bodi, nikabonyeza ubao wa mninga kwa kidole, kidole kikazama. Nilikaa pale nikalia kama mtoto. Sikulia hivyo siku ya baba.

Baba mdogo akaja na ushauri wake. Kuna watu wa Geita, akasema, wanatafuta injini za zamani, zile za chuma kizito, za kusagia mawe ya dhahabu. Wataichukua, bodi tutapikia. Nilimwambia nitafikiri. Akanitazama kwa huruma akasema, "Mwalimu, unaishi na gari." Na ni kweli, ndivyo nilivyokuwa nikiishi. Nikitoka shule nilikuwa nampitia kwanza Doto, namsimulia mtoto gani kanichekesha, halafu ndiyo naingia ndani kuwasha moto. Nyumba yenye watu watano ikibaki na mmoja, huyo mmoja huanza kuongea na vitu. Usinicheke.

Ndipo akaja Bwana Deusi, mtu wa makumbusho, mzaliwa wa Ushirombo, mpole, mwenye miwani inayomteleza puani. Wanafungua nyumba ya makumbusho mjini, katika ghala la zamani la pamba, na walikuwa wamesikia kuwa Didia kuna boksibodi la enzi za wanunuzi wa pamba. Alimzunguka Doto kimya kimya. Akapapasa mbao, akachungulia chini, akaiminya honi. Ikalia. Akaruka.

"Mwalimu," akasema, "gari hili likikaa hapa msimu mmoja mwingine wa mvua, litakwisha. Kwetu litakuwa ndani, pakavu. Mafundi watatibu mbao. Halitauzwa, halitafunguliwa injini. Litakaa vizazi na vizazi."

Li, li, li. Nilimsikiliza nikiona kuwa anasema jambo la maana kabisa na kwamba siwezi kukubali. Nikamwambia, "Ana pacha wake. Siwezi kumtoa bila yeye kujua."

Alirudisha miwani juu. "Nani ana pacha?"

Nikamweleza. Hakucheka, nampa heshima kwa hilo. Alisema kwao Ushirombo nako mapacha si jambo la mchezo, akaniomba nikutafute, naye angesubiri.

Kwa hiyo nilikuja kukutafuta. Ndiyo, nilifika Rwamgasa. Shule ilikuwa imefungwa, nikapanda basi nikiwa na michembe yako kwenye mfuko. Nilizunguka kule kote nikiuliza Kulwa, kaka, na unajua walivyonijibu? "Kulwa yupi, mwalimu? Hapa Kulwa wapo wa kujaza lori!" Nchi ya Wasukuma, nami namtafuta Kulwa. Nilijicheka mwenyewe. Nikaanza kuuliza Kulwa mwenye kidole gumba kilichopinda. Wengine waliniuliza Doto wake yuko wapi, wakisema nimwulize yeye. Nikawaambia yuko nyumbani anaumwa. Walinipa pole.

Mama mmoja anayepika wali karibu na mwalo, wanaposafishia mchanga wa dhahabu, ndiye aliyenisaidia. Aliacha upawa sufuriani. "Mwenye kidole hivi?" akapinda chake. "Yule wa pampu?"

"Pampu gani?"

"Alikuwa anaangalia mashine ya maji ya lile duara la juu. Kijana mstaarabu, ila ana vituko. Akiulizwa mbona maji hayatoki, anasema, 'Huyu leo hajaamka vizuri, mwacheni kwanza.' Wenzake walikuwa wanamcheka. Kimashine kidogo tu cha mkononi, yeye anakiita huyu. Anakigusa hivi, kama anamgusa mtu mwenye homa."

Kulwa, nilishika nguzo ya kibanda chake. Mama wa watu alidhani nimepatwa na njaa, akanipakulia. Nilikula wali ule na machozi yangu, na ulikuwa mtamu.

Alisema uliondoka kabla ya mvua, na kundi lililofuata dhahabu mpya iliyosikika huko mbele, hajui wapi. Basi nikarudi. Sikukupata, lakini nilirudi nikiwa nimekupata kidogo, kwa sababu sasa najua kuwa "lile" hukuliacha liishi mdomoni mwako. Umekuwa ukiomba radhi kwa mashine ya watu muda wote huu, na nyumbani hapakuwa na aliyejua. Baba angefurahi. Angesema kitu cha kukutania, halafu angekwenda nyuma ya nyumba afute macho.

Bwana Deusi alikuja na lori na vijana wa kusukuma. Walilaza mbao mbili ndefu, wakamvuta Doto kwa kamba, taratibu, mafundi wakishika bodi pale penye ugonjwa. Majirani walikuja wote. Bibi mmoja, wa mwisho kati ya waliokuwepo siku ya kuzaliwa kwenu, alianzisha wimbo wa mabasa, ule wenye matusi, watu wakaitikia huku wanafuta kamasi. Doto alipofika juu ya lori Bwana Deusi alishuka na kuniomba hendeli. Alikuwa ameshaona lile tundu la mbele.

Nikamwambia, "Hendeli haiendi."

"Mwalimu, bila hendeli gari halijakamilika."

"Ndiyo," nikasema. "Halijakamilika. Ndivyo lilivyo."

Aliangalia tundu, akaniangalia mimi. "Wageni watauliza kile chuma kilichokuwa hapa kiko wapi."

"Waambie kiko nyumbani, kinamngoja mwenyewe. Mama alinikataza kumtoa Doto peke yake. Kipande chake kikibaki hapa, atakuwa hajatoka wote."

Nilidhani atabishana. Alivua miwani akaifuta kwa shati, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akapanda mbele, akafunga mlango, akatoa kichwa dirishani. "Usiwe na wasiwasi, mwalimu," akasema. "Atafika salama."

Hata yeye hakujisikia alivyosema. Mimi nilisikia.

Lori lilipopotea kwenye vumbi la barabara ya mjini watu wakatawanyika, wana mashamba yao. Nikarudi ndani. Kaka, nitakwambia ukweli, nyumba hii sasa inasikika ilivyo tupu. Mwenyekiti wa kitongoji alipita juzi kuuliza kaya ina watu wangapi. Zamani ningesema mimi na Doto, angecheka, tungeongea. Nilisema mmoja. Akaandika akaenda. Nikitoka shule miguu bado inanipeleka bandani kabla sijaikumbusha. Nasimama pale kwenye doa la oili nikiwa na daftari za watoto mkononi, sina wa kumwambia nani kaandika nini. Sifichi. Upweke wangu ni mkubwa, na wewe peke yako ndiye uliyebaki wa kunijua kwa jina la nyumbani.

Kwa hiyo sikiliza vizuri. Ukikutana na karatasi hii, hata kama imefungiwa andazi, utasikia hamu ya kwenda mjini moja kwa moja kumwona Doto. Nakujua. Utaingia makumbusho na vumbi lako, utamwekea kiganja kwenye boneti, utamwomba radhi, na ukishamwomba utaona yameisha, utapanda gari lingine urudi ulikotoka. Sitaki hivyo. Nimemwambia Bwana Deusi kuwa mwenye kidole gumba kilichopinda akija bila hendeli, asimruhusu kumgusa. Amekubali.

Hendeli iko kwangu. Imeegeshwa ukutani mahali pake, nimeipaka oili Jumamosi. Ni wewe tu unayeiweza. Pitia nyumbani kwanza uichukue, ule, ulale, halafu twende wote mjini tukamwamshe. Kidole gumba upande mmoja na wenzake, safari hii usisahau.

Sahani yako nimeirudisha mezani.

Niliyewafuata nyuma,
mdogo wenu Shija.